Jicho la chinchila linatoa machozi: anza kutazama mdomoni

"Daktari, shikamoo. Tuko Leicester. Binti yangu wa miaka 12 anafuga chinchila wawili madume, Pilau na Bizari, wana miaka sita. Wiki ya pili sasa jicho la kulia la Pilau linatoa machozi, manyoya ya chini yake yamelowa na kushikana. Si jekundu sana. Anakula, ila siku hizi anachagua peleti na kuziacha nyasi. Nimemsafisha kwa chai ya rangi iliyopoa, na juzi nimeanza kumtia matone ya macho yaliyobaki ya mume wangu. Mama mkwe, kwa simu kutoka Tanga, anashauri maziwa ya mama. Jirani anasema ni lile vumbi la kuogea. Januari binti alimpima Pilau akawa gramu 610, jana ana 548, sijui kama hilo ni kitu. Na je, nimtenge na mwenzake? Mama Rehema."

Marahaba, Mama Rehema. Uzito umeutaja mwishoni kama jambo la pembeni, nami ndio ulionishtua kabla ya jicho. Kutoka gramu 610 hadi 548 ni upungufu wa gramu 62, sehemu moja ya kumi ya mwili mzima. Mtu wa kilo 70 akipungua kilo saba bila kufunga wala kujinyima, ukoo mzima ungekaa kikao. Chinchila, mnyama mdogo wa jamii ya panya, hukonda bila mtu kujua kwa sababu manyoya yake ni mazito mno: kitundu kimoja cha ngozi yake huweza kutoa nywele 60. Ukimshika unashika manyoya, na mwili ndani yake unaisha. Huyo binti aliyempima Januari amekusaidia kuliko alivyojua.

Kwa hayo uliyoandika, nashuku meno kuliko jicho. Sijamwona Pilau na naweza kukosea, lakini jicho moja, machozi maji bila usaha, nyasi kuachwa na uzito kushuka, vikikutana vinne hivyo, mimi huanzia mdomoni.

Sikuanza kazi nikijua hivyo. Nilisomea udaktari wa mifugo Morogoro, na jicho la ng'ombe lililowaka nilikuwa naweza kulitibu nikiwa nimefumba yangu: tetrasaiklini, kivuli, zuia nzi, basi. Chinchila nilimwona mara ya kwanza nilipokuja kufanya kazi huku Uingereza. Aliletwa na jicho moja la machozi, nami nikamtibu kama ndama. Nikampa matone, akarudi baada ya wiki. Nikabadilisha matone, akarudi tena. Mara ya tatu muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekuwa amemshika, akaniuliza taratibu kama nimeshamtazama mdomoni. Sikuwa nimemtazama. Tulipompiga eksirei ya fuvu, mizizi ya magego ya juu ilikuwa imepanda mpaka chini ya jicho. Wiki zote zile nilikuwa napaka rangi ukuta huku bomba linavuja ndani yake.

Chinchila ana meno 20, manne ya mbele na magego 16, na yote yanakua mpaka siku ya kufa kwake. Kwao, kwenye milima mikavu ya Chile, chakula ni majani makavu yenye ukakasi, kwa hiyo meno hulika kadiri yanavyoota. Hawa wa nyumbani, ambao wengi ni uzao wa wale 11 ambao mhandisi wa migodi Mmarekani, Mathias Chapman, aliwafikisha California mwaka 1923, hupewa peleti laini zinazomalizika kwa dakika chache. Wengine pia hurithi meno mabaya, na ndiyo sababu chinchila mwenye tatizo hili hafai kuzalishwa. Gego lisiposagika hurefuka, likagonga mwenzake wa upande wa pili, na likikosa pa kwenda mbele mzizi hurudi nyuma mfupani. Ya chini hutokeza vinundu kwenye taya. Ya juu husukuma kuelekea tundu la jicho, na njiani hukibana kile kijifereji kinachoteremsha machozi puani. Kijifereji kikibanwa, machozi hufurika shavuni. Jicho linaweza kuwa zima kabisa, ila mtaro wake umeziba.

Nyasi nazo zinaachwa kwa sababu hiyo hiyo. Kusaga nyasi kunataka taya izunguke huku na huku, na kuzungusha huko kunauma. Peleti huvunjwa kwa kutafunwa juu chini mara chache tu. Wafugaji wengi husema "bado anakula vizuri" kwa sababu bakuli la peleti ni tupu asubuhi. Mimi huuliza la nyasi.

Leo usiku Pilau akishaamka, mtazame hivi. Punguza taa kwanza. Mboni yake ni ufa wa wima kama wa paka, imeumbwa kwa giza, na ukimmulika tochi usoni atafumba macho nawe utadhani anaumwa. Akae mapajani mwako juu ya taulo, umemkinga pande zote bila kumkandamiza. Usimbane shingo. Ukimkwida kwa nguvu ataachia fungu zima la manyoya mkononi mwako, ndivyo anavyomponyoka adui, na itachukua miezi kuota tena. Linganisha macho mawili: ukubwa ni sawa? Kuna moja lililotokeza mbele? Konea, kile kioo cha mbele, inang'aa au ina ukungu? Anafumbua yote mawili sawasawa? Kisha pitisha kidole polepole chini ya taya, kushoto na kulia. Taya isiyo na ugonjwa ni laini kama ukingo wa kijiko. Ukigusa vinundu vilivyojipanga kama punje za choroko, hiyo ni mizizi. Tazama kidevu na kifua kama vimelowa mate, na miguu ya mbele kama manyoya yake yameshikana, maana wao hujifuta mate kwa mikono. Mwisho mwache peke yake saa moja juu ya taulo safi uone kinyesi chake, kwa sababu wakiwa wawili bandani hutajua kipi ni cha nani. Vijipande vikiwa vidogo na vikavu kuliko kawaida, au vichache, tumbo lake linapokea chakula kidogo kuliko unavyofikiri.

Usihangaike kumfungua mdomo. Mdomo wake hufunguka kidogo tu, magego yako mbali ndani, na hata daktari mwenye kifaa cha kumulikia hukosa mengi mnyama akiwa macho. Meno manne ya mbele kuonekana mazuri hakuthibitishi lolote kuhusu yale ya nyuma.

Sasa jirani yako. Hana kosa, vumbi la kuogea huwasha macho kweli, ila mara nyingi huyawasha yote mawili, na huyawasha zaidi pale beseni linapoachwa bandani kutwa kucha. Dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa wiki, kisha toa. Kwa sasa msimamishie kabisa mpaka daktari aseme, maana hata kama vumbi halikuanzisha tatizo, jicho lililolowa hulinasa kama gundi. Vivyo hivyo banda lenye harufu ya mkojo au maranda ya mwerezi na msonobari: hewa yake huchoma macho, nayo huyachoma yote mawili. Na kwa kuwa huwa naulizwa na watu wa Dar na Mombasa: hapana, mchanga wa ufukweni uliochekechwa haufai, punje zake ni kali na una chumvi. Na nikiwa mkweli zaidi, mnyama anayeanza kuelemewa joto likipita nyuzi 25 hafai kufugwa Dar, labda kama kiyoyozi na umeme havizimiki.

Ingekuwa si machozi maji bali tongotongo nzito, ya njano au ya kijani, inayogandisha kope, ningefikiria maambukizi, na kwa chinchila kuna bakteria mmoja ninayemwogopa kwa jina, Pseudomonas aeruginosa. Huishi kwenye maji yaliyosimama, pamoja na chupa ya kunywea isiyosuguliwa. Huweza kuanza kama jicho bovu la upande mmoja, kisha akapita kwenye masikio, mapafu na damu, na dawa nyingi za kawaida hazimgusi. Ndiyo maana daktari mzuri huchukua sampuli ya usaha kwa kijiti cha pamba kabla ya kuanza antibiotiki. Sugua chupa za maji kila siku kwa brashi, mpaka ndani ya mrija wa chuma, hata kama Pilau hana huyu mdudu.

Na kungekuwa na kufumba jicho, ningefikiria maumivu. Jicho linalofumbwa nusu, au mnyama anayelisugua kwa mkono, ni jicho linalouma, na mara nyingi ni kidonda cha konea. Macho ya chinchila ni makubwa, yametokeza, machozi yake ni machache, nawe umemjazia banda nyasi zenye ncha. Bua moja linatosha. Daktari hutia tone la rangi ya fluoresini, akamulika kwa mwanga wa buluu, na palipochubuka hung'aa kijani. Ni kipimo cha dakika mbili na hakiumi. Mwombe hata kama hakukitaja.

Hapa ndipo penye neno na yale matone ya mume wako. Leta kichupa, soma lebo. Ukiona jina linaloishia na -sone au -solone, ni steroidi. Steroidi hutuliza wekundu upesi, kila mtu akafurahi, lakini juu ya kidonda cha konea huzuia kupona, na kidonda kinaweza kuchimba mpaka jicho likatoboka. Matone mengi ya macho ya watu huchanganya antibiotiki na steroidi kwenye kichupa kimoja. Ukilikuta jina hilo, acha leo, na umpigie daktari leo umweleze. Hata usipolikuta, acha: kichupa kilichokwisha kufunguliwa kwa jicho la mtu mwingine huenda kina wadudu wake. Mpeleke nacho kliniki hivyo hivyo, wala usione haya. Sisi tunachochukia ni kufichwa.

Kubwa kuliko hilo, usimpe dawa ya kunywa ya kabatini. Ile amoksilini ya maji ya watoto, iliyoponya masikio ya nusu ya watoto wa Kiswahili duniani, kwa chinchila ni sumu. Tumbo lake linaendeshwa na bakteria wanaochachusha nyasi. Penisilini na jamaa zake zikinywewa huwaua hao wema, wabaya wakashamiri na kutoa sumu, na mnyama hufa kwa kuharisha ndani ya siku chache. Nimeona wakiletwa hivyo, wakiwa wametibiwa kwa upendo.

Chai ya rangi haijamuua mtu, ila ina rangi na tindikali na huacha manyoya yakinata. Mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba maziwa ya mama yana sukari, na sukari kwenye manyoya yaliyolowa ni karamu ya bakteria na kuvu. Tumia maji ya chumvi ya kusafishia macho yanayouzwa famasi, au maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka uvuguvugu. Kitambaa laini kisichoacha nyuzi, si pamba. Lowesha tongotongo mpaka ilainike yenyewe, futa kuelekea nje, na kila jicho na kitambaa chake. Halafu, na hili watu hulisahau, kausha. Manyoya mazito namna ile hayakauki yenyewe. Ngozi ya chini huchubuka na kuoza ikiwa na unyevu wiki nzima.

Mengine niyapitie haraka kwa sababu hayafanani na ya Pilau. Weupe ulio ndani ya mboni, si juu ya jicho, ni mtoto wa jicho. Huja polepole, hasa kwa wazee, na chinchila asiyeona huishi vizuri kwa sharubu na pua zake mradi usimhamishie vibao kila wiki. Upara wenye magamba kuzunguka macho na pua ni mba wa kuvu, nao huambukiza watu, kwa hiyo binti anawe mikono na asimbusu. Jicho lililotokeza nje kuliko mwenzake huwa na kitu nyuma yake kinachosukuma, mara nyingi jipu la mzizi wa jino, na hilo ni la leo, si la kesho. La leo pia ni konea iliyogeuka buluu au nyeupe ghafla, damu, usaha mwingi, jicho lililofumbwa kabisa, au chinchila ambaye hajala chochote kwa saa 12. Tumbo lake likisimama, jicho litakuwa tatizo dogo.

Pilau wako, kama hana hata kimoja kati ya hivyo, aonwe ndani ya siku moja au mbili. Usichukue kliniki ya karibu tu. Piga simu uulize maswali mawili: mna daktari anayetibu chinchila mara kwa mara, na mnapiga eksirei ya fuvu? Wakisita kwenye la pili, uliza wanakopeleka wagonjwa wao. Uliza na bei mapema, kwa sababu nusukaputi, eksirei na kusawazisha meno kwa pamoja si pesa ndogo, na ni bora kulijua hilo ukiwa jikoni kwako kuliko ukiwa dirishani kwa mhasibu. Wakimpangia nusukaputi na mpokea simu akakuambia asile tangu usiku, mwombe amuulize daktari tena. Hiyo ni kanuni ya mbwa na paka, ambao hutapika. Chinchila hawezi kutapika, na kumfungisha usiku kucha kunamuumiza. Mchukulie nyasi zake ndani ya kikapu, na Bizari aende naye.

Nikwambie pia linaloweza kupatikana, ili usilisikie kwa mara ya kwanza ukiwa umesimama. Kama ni ncha kali na magego marefu mdomoni tu, husawazishwa kwa kifaa cha kusagia akiwa amelala, hupewa dawa ya maumivu, na wengi hurudi kula baada ya siku chache, ingawa kazi hiyo mara nyingi hurudiwa baada ya wiki au miezi kadhaa. Asikatwe magego kwa koleo akiwa macho. Jino hupasuka mpaka mzizini. Kama mizizi imeshaingia sana mfupani, hakuna anayeweza kuirudisha. Kinachobaki ni kupunguza urefu wa juu, kutuliza maumivu na kumlisha, na jicho litaendelea kulia kidogo hata baada ya yote. Wapo walioishi hivyo miaka, wakilishwa vizuri na kupimwa kila wiki. Wapo ambao ilibidi niwashauri wenyewe tuwalaze wasiamke. Binti ana miaka 12, ana haki ya kuambiwa hali ilivyo, na ningependa ayasikie kutoka kwako kabla hajayasikia kwa mtu mwenye koti jeupe.

Mpaka mfike huko, nguvu zako ziwe kwenye chakula. Nyasi za timothi zibaki mbele yake saa zote, na jaribu za aina mbili tatu, maana iliyo laini anaweza kuikubali. Usimpunguzie peleti sasa ukidhani utamlazimisha nyasi. Mwenye maumivu halazimiki, atakonda tu. Akiacha na peleti, saga zake mwenyewe, changanya na maji ya uvuguvugu ziwe kama uji mwepesi, na umlishe kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano, ukipitishia pembeni nyuma ya meno ya mbele, matone kadhaa kwa wakati, ukimngoja ameze. Ukimsukumia kwa pupa utaingia mapafuni. Hiyo ni ya kumvusha usiku mmoja tu, si matibabu.

Kuhusu kumtenga: usimtenge, kwa hali uliyoeleza. Meno hayaambukizi, na chinchila aliyezoea mwenzake akinyimwa huyo mwenzake huacha kula, ndicho tunachokikimbia. Ningewatenga kwa wavu katikati, wakiendelea kuonana na kunusana, iwapo tu utaanza kuona usaha, na hapo mpaka majibu ya sampuli yatoke. Kwa sasa mpime na Bizari. Wanakula bakuli moja, wamezaliwa mwaka mmoja, na kama ni ndugu wa tumbo moja taya zao huenda zinafanana.

Mizani ya jikoni, bakuli juu yake, saa ile ile kila usiku, na daftari la binti. Andika wa leo kabla hamjalala, kisha kesho saa mbili asubuhi kliniki zikifungua uwe wa kwanza kupiga simu. Ukishapata eksirei, niandikie tena uniambie upande gani na gego lipi.